Siku Mukami Alipoikagua Mashine

"Elfu arobaini na tano, mia sita tisini na tisa, na senti sabini," Frankline alisoma kwenye kioo cha kompyuta.

Marion Nakhumicha alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, unga wa biskuti ungali kwenye nyusi. Alitabasamu. Moyoni alikwisha anza kuzigawa: hizi karo ya Jacky, hizi viatu vyake, hizi deni la gesi.

"Zitaingia lini?" aliuliza.

"Ziingie wapi, madam?" Frankline alijizungusha na kiti chake cha magurudumu. "Hizi ni zako za kulipa."

Foleni yote ya ile saiba ya kompyuta ilicheka. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni, wiki ambayo Buruburu nzima hukumbuka kwa mpigo mmoja kwamba serikali inataka taarifa ya ushuru, na foleni ilikuwa imetoka mlangoni, ikampita kinyozi, ikaishia kwa muuza mayai. Hata wale wa kwa muuza mayai, ambao hawakusikia chochote, walicheka ili wasiachwe nyuma.

"Lakini mimi hukatwa," Marion alisema kwa sauti ya chini. "Kila mwezi, kabla pesa haijanigusa mkono. Nitalipaje tena?"

"Hiyo uliza mashine, mimi nabonyeza tu." Frankline aliipapasa kompyuta mgongoni kama mtu anayempapasa ng'ombe wa maziwa. "Hii programu nilinunua na jasho langu. Unaitilia mshahara, inapiga ushuru, inajaza fomu ya serikali, na wewe bado hujamaliza kupiga chafya. Watu mia nne nimewafanyia mwaka huu. Haijawahi kukosea."

Watu wa foleni waliitazama ile kompyuta kwa heshima. Mzee mmoja alivua kofia.

Marion alikuwa amekuja na karatasi mbili za P9, zile ambazo mwajiri humpa mfanyakazi kuonyesha mwaka mzima alilipwa ngapi na akakatwa ngapi. Zilikuwa mbili kwa sababu kiwanda chao cha biskuti kiliuzwa katikati ya mwaka uliopita. Mashine zilibaki zile zile, na biskuti zile zile, na hata paka wa stoo hakuhamishwa. Kilichobadilika ni jina lililoandikwa getini. Karatasi moja ilitoka kwa wenyewe wa zamani, nyingine kwa wapya. Ile ya zamani Marion aliipigia foleni siku mbili, maana karani aliyeshika muhuri alikuwa anahama. Na huku Eastlands karatasi yenye muhuri haiachwi nyumbani. Unakwenda nayo ofisini hata kama hakuna aliyeiuliza, kwa sababu siku utakayoiacha ndiyo siku itakayoulizwa. Zote mbili alizifunga kwenye plastiki kama kitambulisho cha marehemu, na Frankline akachukua jumla ya chini kabisa ya kila moja, akazitia ndani.

"Na cheti?" Marion aliuliza. "Mimi shida yangu ni cheti cha ushuru. Nakihitaji Ijumaa."

"Cheti hakitoki kama una deni."

Hapo ndipo tabasamu lilipomwishia kabisa. Chuo kimoja cha serikali katika mtaa wa Fedha kilikuwa kimemchagua kuwa msimamizi wa jiko, kazi ya kudumu, yenye pensheni. Walitaka vyeti vitano ifikapo Ijumaa saa kumi jioni. Vinne alikuwa navyo. Kandarasi yake ya kiwandani ilikuwa inaisha tarehe thelathini, na wapya walikuwa wamekwisha sema hawataiongeza. Leo ilikuwa Jumatano.

Frankline alimwinamia, akapunguza sauti, jambo ambalo liliwafanya watu wa foleni wasogee. "Madam, kuna njia. Nikupigie nil. Tunasema mwaka wote hukupata hata bob. Cheti kinatoka chap chap. Bei ni soo tano tu."

"Niseme sikufanya kazi? Na hii mikono?"

Alimwonyesha viganja, vyote viwili, vilivyochomwachomwa na trei za oveni. Kisha akamwomba asitume chochote, amchapie tu ile hesabu. Karatasi moja, shilingi ishirini. Alilipa kwa sarafu, akatoka akipita pembeni mwa foleni, na hakuna aliyecheka tena, jambo ambalo lilimuuma zaidi.

*

Nyumbani, Phase Tano, waliishi katika vyumba viwili vya nyongeza nyuma ya nyumba kubwa. Mumewe Maina, fundi wa kuchomelea mageti, aliisoma ile karatasi akiwa bado na miwani ya kazi kichwani.

"Elfu arobaini na tano? Mimi nikiuza mashine ya kuchomelea sifikishi."

"Nimempigia Teresiah wa chama kuomba mkopo," Marion alisema. "Ameniambia mwanachama ambaye kandarasi yake inaisha hakopeshwi. Tena akanisomea kifungu. Kile kile nilichokiandika mimi nilipokuwa katibu."

"Basi piga hiyo nil, Mama Jacky. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Na siku watakayojua wao, hiyo kazi ya serikali nitaifanyia wapi? Gerezani?"

Kwenye kiti cha kona, mguu mbovu ukiwa juu ya stuli, mama yake Maina alikuwa anakunywa chai ya tangawizi akijifanya anasikiliza redio. Jina lake Mukami. Alikuwa na miaka sabini na sita, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa mishahara katika ghala moja la chai, kabla ya kompyuta kuzaliwa. Hadithi zake Marion alizijua zote kwa moyo. Kwamba kila Ijumaa aliwalipa wanaume elfu moja na mia mbili kwa bahasha na hakuna bahasha iliyowahi kurudi. Kwamba meneja Mzungu alikuwa akitembea kwa vidole akipita karibu na meza yake. Kwamba siku ya kumzaa Maina uchungu ulimshika kabla vitabu havijakubaliana, akauambia uchungu ungoje, nao ukangoja saa nne nzima, na ndiyo maana Maina huchelewa kila mahali hadi leo. Marion alikuwa mkwe mwenye adabu. Alizisikiliza hadithi hizo kila mwaka kama mtu anayezisikia mara ya kwanza, na hakuamini hata moja.

"Nani amekagua?" Mukami aliuliza.

"Amekagua nini, Mathe?" Maina alisema.

"Hiyo hesabu."

"Ni kompyuta imepiga."

"Nimesikia ni kompyuta. Mimi si kiziwi, ni goti. Nauliza nani amekagua."

Waliangaliana, mke na mume. Kwa kweli hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba jambo kama hilo hukaguliwa. Mvua hukaguliwa na nani?

"Kesho asubuhi," Mukami alisema, akiizima redio. "Nataka meza kavu, penseli mbili, na kalenda ya mwaka jana. Upande wa nyuma ni mweupe."

*

Alhamisi Marion aliomba ruhusa kazini. Saa tatu asubuhi meza ilikuwa kavu. Mukami alikuja amevaa sweta la kanisani, nywele zimefungwa kitambaa, miwani mbili: moja machoni na nyingine shingoni ya kuisaidia ile ya kwanza.

"Mimi niliondoka zamani. Ngazi za ushuru za siku hizi ni zipi? Nisomee za mwaka."

Marion alizitafuta kwenye simu. "Laki mbili na themanini na nane elfu za kwanza, asilimia kumi. Laki moja inayofuata, ishirini na tano. Kupita hapo, thelathini."

"Na msamaha wa kila mtu?"

"Elfu ishirini na nane na mia nane."

"Sawa. Mshahara wa kutozwa, baada ya makato mengine?"

"Karatasi zote mbili pamoja, laki sita hamsini na tatu elfu, mia tisa tisini na nne."

Mukami hakuandika mara moja. Alinoa penseli kwa kisu cha jikoni, akapuliza ncha, akaukunja mkono wa sweta mara mbili. Kisha akaanza, na Marion, aliyekuwa ameketi karibu tu ili asionekane mkosefu wa adabu, akasahau chai yake ikapoa.

Maana hakuwa amewahi kuona kitu kama kile. Mkono ule ule ambao asubuhi ulitetemeka ukishika kikombe sasa haukutetemeka. Tarakimu zilishuka zikajipanga mstari mmoja, senti chini ya senti, kama askari wanaomjua afande wao. Asilimia thelathini hakuipigia kelele: alizidisha kwa tatu, akaisukuma nukta, akaendelea. Marion alijaribu kumfuata kwa simu. Kila alipobonyeza alama ya usawa alikuta jibu limekwisha kaa kwenye karatasi likimngoja, na Mukami juu yake, penseli hewani, akimngoja pia.

"Simu yako inachoka?" mama mkwe aliuliza.

"Inakuja, Mama."

"Iambie isikimbie, itaanguka."

Ngazi ya kwanza ikatoa elfu ishirini na nane na mia nane. Ya pili, elfu ishirini na tano. Ya tatu, elfu sabini na tisa, mia saba tisini na nane, na senti ishirini. Akajumlisha, akatoa msamaha, akatoa kile ambacho Marion alikwisha katwa kazini kwenye karatasi zote mbili. Akapiga mistari miwili chini ya jibu kwa rula ya Jacky. Akaigeuzia Marion karatasi.

Elfu arobaini na tano, mia sita tisini na tisa, na senti sabini.

Marion hakujua afe moyo kwanza au ashangae kwanza. Bibi wa miaka sabini na sita, kwa penseli, nyuma ya kalenda, alikuwa amefika mahali pale pale ilipofika mashine, mpaka senti.

"Hajakosea," Mukami alisema taratibu, akiitazama ile karatasi ya saiba kwa macho mapya. "Nimemtafuta kosa kama chawa kichwani mwa mtoto. Huyo ni karani safi. Ningemwajiri."

"Basi imekwisha." Marion alisimama. "Nampigia Frankline. Aandike nil, aandike anachotaka."

"Keti."

"Mama, saa zinaenda."

"Keti, Mama Jacky. Nimekagua kujumlisha kwake tu. Sijakagua alichopewa." Aligeuza ukurasa mwingine wa kalenda. "Yeye anapiga mwaka mzima kwa bonge moja. Sisi hatukulipa watu kwa mwaka. Mtu hali kwa mwaka, anakula kwa mwezi. Leta hizo P9 zenyewe. Usinisomee ya chini. Nisomee kuanzia juu."

Alichora nyumba kumi na mbili, akaziandika majina yake, Januari hadi Desemba. Marion akaanza kusoma karatasi ya wapya. Januari, elfu thelathini na sita, mia tatu thelathini na tatu. Februari, hivyo hivyo. Nyumba zikajaa moja moja mpaka Desemba.

"Sasa ile ya wazee wa zamani."

"Januari," Marion alisoma. "Elfu thelathini na sita, mia tatu..."

Penseli ilisimama.

"Januari ina mtu," Mukami alisema.

"Vipi?"

"Nyumba ya Januari. Kuna mtu ndani." Aliinua macho juu ya miwani. "Januari ulifanya kazi wapi?"

"Kiwandani, Mama. Kwani hujui?"

"Viwanda vingapi?"

"Kimoja."

"Zamu ngapi kwa siku?"

"Moja. Mbili nikiwezea wapi?"

"Basi mbona ulilipwa mara mbili?"

"Nani alinilipa mara mbili!" Marion alipiga meza. "Januari hiyo si ndiyo tulikula sukuma wiki mpaka tukawa kijani?"

"Hawa wapya walinunua kiwanda lini?"

"Julai mosi. Tulipewa hata soda."

Mukami aliweka karatasi mbili kando kwa kando, akaufuatisha mstari wa juu kwa ncha ya penseli. Wapya, Januari. Wazee, Januari. Februari na Februari. Mpaka Juni. Wapya walikuwa wamechukua vitabu vya wazee na kuchapa mwaka mzima kwa jina lao, na wazee nao walikuwa wametoa miezi yao sita kwa muhuri, na Marion, kwa kuogopa kuacha karatasi nyumbani, alikuwa amezibeba zote.

"Nyumba kumi na mbili," Mukami alisema, "na wapangaji kumi na wanane. Mashine haikuuliza. Iliambiwa jumlisha, ikajumlisha."

Marion aliitazama ile kalenda. Ilimjia picha ya Marion mwingine, aliyeingia getini pamoja naye kila asubuhi kwa miezi sita, akapanga biskuti kwenye trei ile ile, akavuta mshahara wake kimya kimya na asilete nyumbani hata mkate. Huyo ndiye aliyekuwa anadaiwa.

"Na tukimtoa?" aliuliza kwa kunong'ona.

Mukami alipiga mwezi mmoja. Elfu mbili na mia nne ngazi ya kwanza, elfu mbili themanini na tatu na senti ishirini na tano ya pili, elfu moja na mia mbili ya tatu, toa msamaha wa mwezi. Elfu tatu, mia mbili themanini na tatu, na senti ishirini na tano. Ndiyo ile ile waliyomkata kazini kila mwezi. Kumi na mbili kwa kumi na mbili, ngoma droo.

"Nipe fimbo yangu," alisema. "Twende kwa huyo kijana."

*

Foleni ilipomwona bibi mwenye fimbo na kalenda kwapani ilimpisha. Frankline hakupenda.

"Shosho, niaje. Nimeambia madam mashine haikosei."

"Haikosei," Mukami alisema. "Nimeikagua. Ni nzuri sana."

Frankline, aliyekuwa amejiandaa kubishana, akaivuta kibodi karibu.

"Wewe ndiye uliyeilisha miezi kumi na minane. Futa. Wazee wape miezi yao sita, Januari mpaka Juni: laki mbili, elfu kumi na saba, mia tisa tisini na nane. Wapya wape Julai mpaka Desemba, kiasi hicho hicho. Makato kila mmoja elfu kumi na tisa, mia sita tisini na tisa na nusu."

"Umetoa wapi hizo?"

"Andika, kijana. Goti halitaki mahojiano."

Frankline aliandika. Kisha akazirudia kwa kikokotoo, akazikuta sawa, akamtupia bibi jicho la pembeni. Akabonyeza. Wote waliinama kwenye kioo, Marion amejishika kifua.

"Imeleta kitu kingine," Frankline alisema. "Sifuri nukta ishirini. Na iko na alama ya kutoa mbele. Hapo sasa imekosea. Ilifaa iwe sifuri tupu."

Marion alimgeukia Mukami. Kwa mara ya kwanza siku hiyo bibi alionekana kuduwaa. Alibadilisha miwani. Midomo ilicheza bila sauti, macho yakaenda darini, na foleni nzima ikatazama darini pamoja naye. Kisha uso ukafunguka kama wa msichana.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Angalia uzuri huo."

"Uzuri gani, Mama?"

"Ngazi ya pili kwa mwezi ni elfu nane, mia tatu thelathini na tatu. Zidisha mara kumi na mbili. Ni elfu tisini na tisa, mia tisa tisini na sita. Lakini kwa mwaka wanasema laki moja kamili. Shilingi nne zimeteleza katikati! Kwa mwezi zilihesabiwa ngazi ya juu, thelathini kwa mia. Kwa mwaka zinashuka ngazi ya pili kwa wenzao, ishirini na tano kwa mia. Tano kwa mia ya shilingi nne ni nini?"

Yule mzee wa kofia, aliyekuwa amerudi kwenye foleni, akasema, "Senti ishirini."

"Senti ishirini," Mukami alirudia, akikiegemea kioo kwa mkono mmoja kama mtu aliyekutana na rafiki wa ujana. "Imeiona. Miaka thelathini na mmoja mimi nilipiga kwa mwezi, na sikuwahi kuziona hizo shilingi nne."

"Kwa hiyo ile alama ya kutoa?" Marion aliuliza.

"Ni serikali, Mama Jacky. Inadaiwa na wewe."

Hakuna aliyecheka. Watu walimtazama Marion Nakhumicha, mpanga biskuti wa Phase Tano, jinsi walivyokuwa wameitazama kompyuta jana yake. Mzee yule alivua kofia tena. Frankline alibonyeza kutuma, na hakutaja bei mpaka Mukami alipomkumbusha.

*

Cheti kilitoka Ijumaa asubuhi. Saa nane na nusu Marion alikiweka mezani kule Fedha, na afisa alivipindua vyeti vyote vitano mara mbili, akitafuta pa kumrudisha, hakupaona.

Wiki ya pili barua ilikuja. Maina aliisoma kwa sauti akiwa amesimama mlangoni, akaisoma tena ili majirani wa nyumba kubwa wasije wakasema hawakusikia. Mshahara, elfu hamsini na mbili. Mukami alikuwa kwenye kiti chake cha kona. Alifumba macho kidogo.

"Makato yote yakitoka, ushuru ukitoka," alisema, "mkononi utashika elfu arobaini, mia mbili themanini na tano, na senti sitini na tano."

Maina alicheka. "Mathe, hata karatasi hujashika!"

Marion hakucheka. Hizo hadithi za mwaka baada ya mwaka zilikuwa zimempangia foleni kichwani, na kila moja ilikuwa inadai kuombwa radhi. Hata ile ya uchungu uliongojeshwa saa nne. Aliikunja barua, akairudisha kwenye bahasha.

"Mbona unaikunja?" Mukami aliuliza.

"Umeshasema, Mama. Inatosha."

"Inatosha nini? Mimi ni malaika?" Alinyoosha mkono, akavuta kalenda kutoka chini ya redio, akamsukumia pamoja na penseli. "Mashine niliikagua mimi. Na mimi nikaguliwe na nani? Kaa hapa."

Marion alivuta stuli, akaketi. Aliishika penseli kama mtu anayeshika kifaranga.

"Toa makato mengine kwanza, ya pensheni, ya afya na ya nyumba. Halafu anza na ngazi ya chini, elfu ishirini na nne. Senti chini ya senti." Mukami alichukua kikombe chake cha chai. "Na usiniangalie usoni. Jibu haliko huku."